Vipele vikitangulia mafua: ni mzio au ni virusi?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka minne. Mwezi uliopita aliamka asubuhi ana mapele makubwa mgongoni na mapajani, yamevimba na yanawasha. Duka la dawa waliniambia ni aleji ya mayai kwa sababu usiku alikuwa amekula yai, wakanipa Piriton. Mayai anakula tangu ana mwaka mmoja. Kesho yake akaanza mafua, siku ya tatu homa na kikohozi. Mapele yalidumu kama siku nne, yanapotea hapa yanaibuka pale. Tangu hapo mayai tumemnyima. Juzi jirani kaniambia vipele vinaweza kuwa dalili ya kwanza ya magonjwa ya virusi vya kifua, hata Korona. Ni kweli? Na siku nyingine nikiona vipele nitajuaje kama ni surua? — Mama wa mtoto mmoja, Morogoro.

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na yai, maana hapo mtoto ananyimwa chakula kizuri bila sababu.

Mzio wa chakula una haraka yake. Mtoto mwenye mzio wa yai akila, ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi utaona midomo inavimba, mapele yanatoka, pengine anatapika au anaanza kukohoa na kuhema kwa shida. Na hali hiyo hujirudia kila anapokula. Wa kwako alikula usiku, akalala usingizi wake, akaamka na mapele. Miaka mitatu amekula mayai bila tatizo. Halafu mapele yakaendelea siku nne, na yai lilikuwa moja tu. Mambo hayo matatu yakikaa pamoja, mimi yai silishtaki. Kama usiku ule na siku zilizofuata hakuvimba midomo wala kope, hakutapika na hakuhema kwa shida, mrudishie: anza na kipande kidogo kilichoiva vizuri, mchana, ukiwa naye karibu, umwangalie kwa saa mbili. Kama lolote kati ya hayo lilitokea na hukulitaja kwenye barua, usimjaribu nyumbani. Mpeleke kwanza hospitali.

Kwa maelezo yako, kilichompata mwanao kinaitwa utikaria. Ni mapele yaliyoinuka kama alama za upupu, yanayowasha. Kila pele hukaa mahali pake saa chache, halizidi siku moja, linapotea bila kuacha kovu wala doa, na jingine linaibuka kwingine. Ukitaka kuhakikisha, zungushia pele moja kwa kalamu ya wino asubuhi. Jioni utakuta duara limebaki na pele halipo. Kwa watoto wadogo, sababu inayoongoza ya utikaria ya ghafla ni maambukizi ya virusi, na mara nyingi ni virusi hivihivi vya kawaida vya mafua, koo na kifua. Vyakula na dawa huja nyuma yake.

Kwa hiyo jirani yako amesema kweli. Inawezekana kabisa vipele vikatangulia, mafua yakafuata. Ila asikutishe: hilo si kawaida, na vipele vinavyotangulia peke yake mara nyingi havitoshi kukuambia ni kirusi gani.

Inakuwaje ngozi iseme kabla ya pua? Kirusi kinapoingia puani au kooni hakianzi kukuumiza siku hiyohiyo. Huchukua siku kadhaa kikizaana kimyakimya, na wakati huo kinga ya mwili imeshakishtukia na imeanza kazi. Ngozi yetu imejaa seli za ulinzi zenye kemikali iitwayo histamini. Kwa baadhi ya watoto purukushani hiyo ya kinga inatosha kuzifanya seli hizo zimwage histamini, mishipa midogo ya damu ikavuja majimaji, ngozi ikavimba na kuwasha. Pua bado haijaziba wala homa haijapanda. Ndiyo maana Piriton inaweza kupunguza mwasho wa namna hiyo: dawa ile huzuia histamini, iwe imemwagwa na karanga, na dawa au na kirusi. Kupata nafuu kwa Piriton hakuthibitishi kwamba ni aleji ya chakula, ingawa dukani utaambiwa hivyo.

Magonjwa mengine hayaendi kwa njia hiyo. Kirusi chenyewe husafiri kwenye damu kikafika ngozini, na vipele unavyoviona ni pale kinga inapopambana nacho. Surua iko hivyo. Kirusi cha surua huingia kwa njia ya hewa, kikasambaa mwilini, kikakaa kwenye seli za mishipa midogo ya ngozi. Vipele hutoka wakati askari wa mwili wameshazitambua seli hizo na wanazishambulia. Hii ina maana mbili ambazo watu wengi hawazijui. Ya kwanza, vipele vya surua haviji mwanzo, huja baada ya siku kadhaa za homa. Ya pili, mtoto ambaye kinga yake imedhoofika sana, kwa mfano mwenye VVU asiyetumia dawa au aliye kwenye matibabu ya saratani, anaweza kuugua surua kali ya mapafu bila vipele kabisa. Kukosa vipele kwa mtoto wa namna hiyo si habari njema.

Sasa nikujibu ulilouliza mwishoni, kwa sababu ndilo zito: utajuaje kama ni surua? Wazazi wengi hunitumia picha ya upele kwenye simu na kuuliza, “Daktari, hivi ni nini?” Mara nyingi picha hainisaidii. Swali langu la kwanza huwa si vipele vinafananaje. Huwa nauliza vilitoka siku ya ngapi: homa ilianza lini, mafua lini, vipele lini, na vilianzia wapi. Mama anayejua siku hizo amenipa zaidi ya nusu ya jibu kabla sijamgusa mtoto.

Surua huanza kama mafua mazito. Homa inapanda, inaweza kufika nyuzi 40. Mtoto anakohoa kikohozi kikavu, kamasi zinatiririka, macho yanakuwa mekundu, yanatoa machozi na hayapendi mwanga. Anakuwa mnyonge, analia akiguswa. Siku mbili tatu hizo wengi huanza kwa kupima malaria, na si vibaya, kapime; lakini malaria ikikosekana usibaki ukisema “basi ni mafua tu” bila kumchungulia mdomoni. Mkalishe dirishani au tumia tochi ya simu, vuta shavu kwa nje kwa kidole safi, tazama upande wa ndani wa shavu usawa wa magego. Vidoa vidogo vyeupe kama punje za chumvi, vimekaa juu ya nyama nyekundu, ni alama ya surua. Henry Koplik, daktari wa watoto wa New York, alivieleza mwaka 1896 na vinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hutokea siku moja au mbili kabla ya vipele, kisha hupotea upesi. Kwa mtoto mweusi hiki ndicho kipimo cha macho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu ndani ya mdomo rangi ya ngozi haikusumbui.

Vipele vyenyewe hutoka kama siku ya nne. Vinaanzia kwenye mpaka wa nywele, paji la uso na nyuma ya masikio, vinashuka usoni na shingoni, kesho yake kifuani na mikononi, siku ya tatu vimefika miguuni. Hushuka kwa mpangilio. Mtoto hapati nafuu vinapotoka, homa huzidi. Vikianza kupona navyo hufuata mpangilio uleule, ngozi inabaki na weusi na kubanduka unga mwembamba kama pumba.

Linganisha na mwanao. Vipele vyake vilitangulia, havikuanzia usoni, viliwasha sana, vilihamahama, na homa ilikuja baadaye. Hiyo si surua.

Tetekuwanga nayo husambaa kwa hewa na kwa kugusa majimaji ya malengelenge, na huu ndio ugonjwa ambao kweli mtoto anaweza kuanza kwa vipele kabla hujaona dalili nyingine. Kwa mtu mzima kwa kawaida homa na uchovu hutangulia siku moja au mbili. Tofauti yake ni kwamba utakuta vya kila umri mahali pamoja: hiki kipele kidogo, hiki lengelenge lenye maji, hiki kimeshakauka na kuweka gamba. Vinaanza zaidi kiwiliwili, usoni na kichwani ndani ya nywele. Mtoto wa tetekuwanga usimpe aspirini hata kidogo; parasetamoli inatosha. Vipele vya homa ya nyani, mpox, ambayo Kenya na Tanzania zimeipata miaka hii ya karibuni, kwa kawaida ni vigumu zaidi ukivigusa, vimezama kwenye ngozi, vingi vya eneo moja vina umri mmoja, vinapenda pia viganja na nyayo, na tezi huvimba. Ukishuku hivyo usimalizane na duka la dawa.

Rubela ni nyepesi kwa mtoto: vipele vidogo vinaanza usoni, vinakwisha kama siku tatu, na tezi za nyuma ya masikio na kisogoni zinavimba. Uzito wake uko kwa mjamzito. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho ambao mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa ujauzito, na ndipo dunia ilipoelewa kwamba rubela humdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuna kirusi kingine cha njia ya hewa kinachoitwa parvo B19. Mtoto hupata mafua mepesi au homa kidogo, anapona, na baada ya siku kadhaa mashavu yanaiva kama aliyepigwa makofi, kisha mikono inatokeza upele wenye umbo la wavu. Kwenye ngozi nyeusi hayo mashavu huyaoni, unaweza kuhisi joto lake tu. Wakati vipele vinatoka, mtoto kwa kawaida ameshaacha kuambukiza. Kwa mtoto wa kawaida hakuna la kuogopa. Kwa mtoto wa sikoseli, ambaye sisi tunao wengi, kirusi hiki husimamisha utengenezaji wa chembe nyekundu za damu kwa siku kadhaa, na kwa kuwa chembe zake huishi muda mfupi, damu inashuka ghafla. Mtoto wa sikoseli aliyepata mafua kisha akapauka viganja na ulimi, akawa mchovu, anahema haraka, huyo akapimwe damu siku hiyohiyo.

Na kuna hili ambalo hukorofisha sana madukani. Mtoto wa mwaka mmoja anashikwa na homa kali siku tatu hadi tano, bila sababu unayoiona. Mama anapewa dawa ya antibayotiki. Siku ya nne homa inakatika ghafla, mtoto anachangamka, na saa chache baadaye vipele vidogo laini vinatapakaa kifuani na mgongoni. Kila mtu anasema dawa imemkataa. Kumbe ni roseola, ugonjwa wa virusi vinavyosambazwa na mate, ambao desturi yake ni hiyo: homa kwanza, ikiisha ndipo vipele. Kijana mwenye koo linalouma kwa kirusi cha homa ya tezi naye akipewa amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, anaweza kutapakaa vipele mwili mzima, na kwa wengi wao hiyo si aleji ya maisha ya penisilini. Lakini wataandikiwa kwenye faili kwamba wana aleji, na siku wakiihitaji dawa hiyo hawatapewa. Ndiyo maana nasisitiza siku. Vipele vikitoka mtoto akiwa kwenye dawa, andika dawa ilianza lini na vipele lini, kisha muulize daktari kabla hujaitangaza aleji. Kuna mahali hapa sina mzaha: ikiwa mtu anatumia dawa kama Septrin, nevirapini (dawa ya VVU) au dawa za kifafa, akapata vipele pamoja na vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kuchubuka, dawa isimame na hospitali aende hapohapo.

Tuje kwenye Korona, maana jirani yako ameitaja. Mwanzoni mwa mwaka 2020 madaktari wa ngozi wa hospitali ya Lecco, mkoa wa Lombardia nchini Italia, waliwachunguza wagonjwa 88 wa UVIKO-19. Kati yao 18 walikuwa na mabadiliko ya ngozi, na 8 kati ya hao yalianza nao tangu mwanzo wa ugonjwa. Wengi walikuwa na upele mwekundu wa kawaida, 3 walikuwa na utikaria, 1 alikuwa na malengelenge kama ya tetekuwanga. Hispania nako walikusanya wagonjwa 375 na kugawa vipele vyao katika makundi matano, likiwemo lile la vidole vya miguu kuvimba na kuwa vya zambarau lililopata umaarufu magazetini. Uingereza, watu waliokuwa wakijaza dalili zao kwenye programu ya simu walionyesha kwamba vipele viliripotiwa na asilimia 8.8 ya waliopimwa na kukutwa na virusi. Habari hiyo ilisambaa sana. Ambacho hakikusambaa ni kwamba waliopimwa wakakutwa hawana, asilimia 5.4 nao waliripoti vipele. Watu wana vipele, mama, kwa sababu elfu moja.

Katika dodoso la ziada la watu haohao wa Uingereza, miongoni mwa waliokuwa na vipele na virusi vilivyothibitishwa, asilimia 17 walisema vipele ndivyo vilivyotangulia. Hayo ni majibu ya watu waliojitolea kujaza dodoso la ngozi, kwa hiyo mimi siyatumii kumwambia mzazi kwamba katika watoto sita wenye Korona mmoja ataanza na vipele. Nayatumia kwa jambo moja dogo: mtu akitoka utikaria bila sababu inayoeleweka, na nyumbani kuna mtu anakohoa, asimkaribie bibi mwenye kisukari wala mtoto mchanga kwa siku chache mpaka ijulikane anaumwa nini. Hilo halina gharama.

Sasa suala la rangi yetu. Vitabu karibu vyote, na mitandao, vinakwambia tafuta “upele mwekundu”. Mwaka 2020 watafiti walipitia picha 130 za vipele vya Korona zilizochapishwa kwenye majarida ya kitabibu, hawakukuta hata moja ya mtu mwenye ngozi nyeusi kama yangu au ya kwako. Mama wa Morogoro atatafuta wekundu asiouona, atasema mtoto hana vipele, na kumbe anavyo.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu huonekana kama weusi uliozidi, au zambarau, au kijivu, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Hivyo tumia mkono kabla ya macho. Mvue nguo mtoto, mpeleke kwenye mwanga wa mchana, si taa ya njano ya chumbani. Pitisha mgongo wa vidole vyako taratibu kutoka paji la uso, nyuma ya masikio, kifuani, hadi tumboni. Vipele vya surua, siku ya kwanza ya kutoka, utavihisi kama msasa laini usoni kabla hujaviona. Utikaria utaihisi imeinuka, ya moto, imejaa. Harara za joto, ambazo kila mtoto wa Tanga na Dar es Salaam anazijua, ni vipunje vidogo shingoni, kwapani na mgongoni panapotoka jasho, na mtoto anacheza, hana homa. Mwanga ukiuelekeza kwa ubavu, yaani tochi ukiilaza karibu na ngozi badala ya kuimulika kwa mbele, vipele hutupa vivuli vidogo na utaviona. Kisha angalia pasipo na rangi nyingi: ndani ya kope la chini, ufizi, kaakaa, viganja na nyayo. Ukipiga picha, piga mchana, moja ya mbali inayoonyesha sehemu ya mwili na moja ya karibu, kabla hujapaka kalamaini. Mtoto akishapakwa ule unga wa waridi mwili mzima hata mimi siwezi kusema kitu.

Yapo madoa ambayo hayangoji kesho. Chukua glasi ya kioo angavu, ikandamize juu ya doa. Vipele vingi vya virusi hufifia ukikandamiza. Madoa ya zambarau au meusi yasiyofifia, yaani damu imevuja chini ya ngozi, yakiandamana na homa, yanaweza kuwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo walioingia kwenye damu, na hapo tunahesabu saa. Yanaweza pia kuwa dengi, ambayo Dar es Salaam iliipata vibaya mwaka 2014 na 2019. Kwa mtoto mweusi yatafute kwenye nyayo, viganja na ndani ya kope, usitegemee tumbo. Vilevile, mtoto mwenye vipele anayevuta mbavu ndani anapopumua, anayetapika kila kitu, aliyelegea hashtuki ukimwita, mwenye degedege, shingo ngumu, au midomo na ulimi kuvimba, usikae kulinganisha picha za mtandaoni. Ondoka naye.

Nyumbani, kwa utikaria kama ile ya mwanao: maji ya kuoga yasiwe ya moto, maana joto huongeza mwasho, nguo za pamba, kata kucha fupi. Dawa ya mwasho ipo ya aina isiyolewesha, setirizini, na kwa mtoto mimi naipendelea kuliko Piriton inayomlaza darasani. Kipimo kifuate umri wake, muulize mfamasia. Antibayotiki haina kazi hapo. Mapele yakizidi wiki sita yakiwa bado yanakuja na kuondoka, hiyo ni habari nyingine na inataka daktari wa ngozi.

Kwa surua, kuna vitu viwili nitavisema kwa mkazo. Cha kwanza ni vitamini A. Mwaka 1987 ulichapishwa utafiti uliofanyika hospitali ya Mvumi, hapo Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Baadhi walipewa dozi kubwa ya vitamini A siku walipofika na siku ya pili, wengine walipata matibabu ya kawaida tu. Tofauti ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka miwili: waliopewa alikufa 1 kati ya 46, wasiopewa walikufa 7 kati ya 42. Leo dunia nzima mtoto wa surua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo: vizio 50,000 akiwa chini ya miezi sita, 100,000 wa miezi sita hadi kumi na moja, 200,000 wa mwaka mmoja na zaidi. Ni kituo cha afya kinachoitoa; usinunue vidonge ukajipimia, ikizidi ina sumu. Ukienda na mtoto wa surua ukarudi bila vitamini A, uliza kwa adabu lakini uliza.

Cha pili ni macho. Surua na upungufu wa vitamini A vikikutana vinaweza kutoboa kioo cha jicho mtoto akabaki kipofu, na dawa za majani zinazotiwa machoni zimeongeza vipofu wengi. Usimtie maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala chochote ambacho hakikutoka hospitali. Na wale wanaosema surua sharti “itoke yote” kwa hiyo mtoto asioge, asipewe samaki, asichomwe sindano: mpe chakula, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, mnyweshe kwa wingi, mnyonyeshe kama bado ananyonya.

Angalia kadi yake ya kliniki leo. Tanzania mtoto huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa wakati huo mama ameshaacha kwenda kliniki kila mwezi. Kama ya pili haipo kwenye kadi ya mwanao wa miaka minne, mpeleke, hajachelewa.

Na ukishuku surua, usiende ukakae kwenye benchi na wenzako. Kirusi chake kinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na asiye na kinga akikaa karibu na mgonjwa ana nafasi kubwa sana ya kukipata. Mwache mtoto nje na mtu mzima aliyechanjwa au aliyewahi kuugua, wewe nenda mapokezi useme, “Nina mtoto mwenye homa na vipele, nashuku surua.” Watakuonyesha pa kupita. Mtoto wa surua huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele mpaka siku nne baada ya kutoka, kwa hiyo chekechea na madrasa asubiri siku hizo nne ziishe, na walezi wake waambiwe. Mtoto mwingine wa nyumba hiyo ambaye hajachanjwa, akipata chanjo ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, bado anaweza kukingwa. Wa miezi sita hadi minane muulize muuguzi, wakati wa mlipuko huweza kupewa dozi ya mapema na bado atachanjwa tena akifika miezi 9. Mjamzito na mtoto mchanga wa jirani wasiingie ndani kuja kumpa pole mgonjwa, watapigiwa simu.